Homurani 48 za Pete Incaviglia: namba moja yenye wenyewe wengi

Kati ya Februari na Juni mwaka 1985, Barry Bonds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Arizona State, alipiga homurani 23, yaani mipigo inayovusha mpira ukuta wa uwanja. Will Clark wa Mississippi State alipiga 25, na msimu ulipokwisha akakabidhiwa Golden Spikes, tuzo ya mchezaji bora wa besiboli ya ridhaa Marekani. Jumlisha za hao wawili unapata 48. Pete Incaviglia wa Oklahoma State alizipiga 48 peke yake, ndani ya mechi 75, na tuzo hakuipata.

Kwa miongo minne rekodi hiyo ilikaa juu ya orodha ya vyuo bila kuguswa. Aliyeishikilia kabla yake, Jeff Ledbetter wa Florida State, alikuwa na 42 za mwaka 1982. Baadaye waliosogea karibu walitokea mwaka mmoja, 1997: Lance Berkman wa Rice alipiga 41, na Brandon Larson wa LSU (Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana) akapiga 40. Wote wakaishia hapo.

Ukiwasikiliza mashabiki wakibishana kuhusu msimu huo wa 1985 utakuta kambi mbili. Wa kwanza wanasema mpigaji wa chuo kama yule hajatokea tena. Wa pili wanasema lililopiga ni gongo la alumini, yeye alilishika tu. Mimi naona wote wanakosea mahali pamoja: wanaichukulia 48 kama mali ya mtu mmoja. Ina wenyewe wengi. Wapo wenzake waliotangulia kupiga, yupo aliyetengeneza gongo, yupo aliyepanga ratiba, wapo warushaji dhaifu wa mechi za Jumanne. Na yupo Incaviglia mwenyewe, ambaye fungu lake hata ukilitenga kando bado linatisha.

Foleni ya watu tisa

Aliyecheza raunda shuleni, Kenya au Uganda, ana nusu ya maelezo tayari. Mrushaji husimama mita 18.44 kutoka kwa mpigaji na kuutupa mpira ambao, ukienda kwa kilomita 145 kwa saa, unafika kwa takriban sekunde 0.4. Mpigaji akiupata vizuri anakimbia kuzunguka besi nne, na akifika ya mwisho, inayoitwa nyumbani, timu yake inapata mkimbio mmoja. Akiupiga ukavuka ukuta wa mwisho wa uwanja, mita 100 hadi 120 kutoka aliposimama, hakuna tena wa kumzuia. Anazunguka besi zote kwa raha zake, na kila mwenzake aliyekuwa akisubiri kwenye besi anatangulia mbele yake hadi nyumbani. Hiyo ndiyo homurani. Huleta mkimbio mmoja mpaka minne, kutegemea walikuwepo wangapi njiani.

Jambo la kulishika sana ni foleni. Wapigaji ni tisa, wanakwenda kwa mpangilio uliokabidhiwa kwa mwamuzi kabla ya mechi, na hakuna anayerudi kupiga kabla wanane wengine hawajapita. Kocha wa soka mwenye fundi wa mipira ya adhabu humwachia zote apige yeye. Kocha wa besiboli hana ruhusa hiyo. Timu ikiwa nyuma kwa mkimbio mmoja, mechi ikiwa ukingoni, na zamu ikaangukia kwa mpigaji wa nane mwenye mkono mzito, basi ndiye atakayesimama, na bingwa wa homurani atatazama kutoka benchi.

Warushaji nao si wajinga. Mrushaji akiona mbele yake kasimama mtu wa kutisha, anaweza kumtupia mipira minne mibaya kwa makusudi na kumpa besi ya kwanza bure, kisha akapambana na anayefuata. Kwa hiyo mpigaji mkubwa anahitaji mpigaji mwingine wa kuogopwa nyuma yake. Bila huyo, anaweza kuumaliza msimu mzima akitembea kwenda besi ya kwanza.

Namba tatu za msimu ule

Incaviglia alimaliza 1985 na wastani wa upigaji wa 0.464. Maana yake ni kwamba, katika zamu 250 zinazohesabika rasmi, alipiga na kufika besi salama mara 116. Besiboli ni mchezo ambao mpigaji anayeshindwa mara saba katika kila kumi anaitwa mzuri, na watu bado wanautaja msimu wa Ted Williams wa Boston mwaka 1941 kwa sababu alifika 0.406. Tukubaliane mapema kwamba warushaji wa vyuo si wale wa ligi ya kulipwa. Hata hivyo 0.464 kwa mtu anayezungusha gongo kwa nguvu zote ni jambo la ajabu, kwa sababu wapiga mbali kwa kawaida hukosa mipira mingi. Ndiyo bei ya kutafuta ukuta.

Namba ya pili ni kipimo cha nguvu. Hapa kila mpigo unahesabiwa kwa besi ulizozaa: wa kawaida moja, homurani nne, kisha jumla inagawanywa kwa zamu zote. Incaviglia alikusanya besi 285 katika zamu 250, yaani 1.140. Alipata zaidi ya besi moja kwa kila zamu, zikiwemo zile alizotoka bila kitu. Barry Bonds yuleyule, mwaka 2001 alipopiga homurani 73 akiwa San Francisco Giants, alimaliza na 0.863.

Ya tatu ndiyo inayonivutia zaidi, ingawa wengi huitaja haraka na kupita: mikimbio 143 iliyoingia kwa mapigo yake. Hiyo nayo ni rekodi ya vyuo. Berkman katika mwaka wake mkubwa aliishia 134. Lakini fanya hesabu ndogo. Mpigaji huingiza nafsi yake katika hesabu hiyo pale tu anapopiga homurani. Toa 48 kwenye 143, zinabaki 95. Mara 95 mchezaji mwingine wa Oklahoma State alikuwa amekwisha kufika besi, kwa kupiga au kwa subira ya kupewa besi bure, akawa anangoja huyu bwana amlete nyumbani. Theluthi mbili ya ile namba kubwa ilikuwa na miguu ya watu wengine ndani yake.

Timu yenyewe haikuwa ya kuokota. Oklahoma State, chuo cha mji mdogo wa Stillwater kwenye tambarare zenye upepo za jimbo la Oklahoma, kilikuwa chini ya kocha Gary Ward, mtu aliyesifika kwa kufundisha upigaji. Kikosi chake kilikwenda kwenye fainali za taifa mjini Omaha miaka saba mfululizo, 1981 hadi 1987. Incaviglia alikuwepo mitatu tu kati ya hiyo. Mwaka mmoja baada ya yeye kuondoka aliingia kijana aitwaye Robin Ventura, na mwaka 1987 Ventura alipiga salama katika mechi 58 mfululizo. Kwa maneno mengine, Stillwater ya miaka ile palikuwa mahali ambapo wapigaji walifundishwa kazi, wakazungukwa na wapigaji wenzao, wakacheza mbele ya watu waliokuja kutazama mpira ukiruka. Mpande Incaviglia katika timu dhaifu ya ligi hiyohiyo, yenye wapigaji wawili wa maana, na sidhani angeona mipira mizuri ya kutosha kufikisha hata 35.

Lile gongo la alumini

Sasa tuje kwenye lawama kubwa. Mamlaka ya michezo ya vyuo, NCAA, iliruhusu magongo ya alumini mwaka 1974. Sababu ilikuwa pesa. Magongo ya mbao huvunjika, na timu ya chuo inayocheza na kufanya mazoezi miezi mitano hununua mengi. La alumini linadumu.

Ila lina tabia zake. Mpira ukigongana na mbao ngumu unabonyea sana, na kila unapobonyea sehemu ya nguvu inapotea kama joto. Gongo la alumini ni tupu ndani, na ukuta wake mwembamba unabonyea kidogo kisha unarudi, kwa hiyo mpira wenyewe unabonyea kidogo zaidi na kuondoka na nguvu yake nyingi. Halafu ni jepesi, na uzito wake umekaa karibu na mikono, kwa hiyo linazunguka haraka. Mpigaji anayezungusha haraka anaweza kusubiri kidogo zaidi kabla ya kuamua kama mpira unafaa, na katika mchezo wa sekunde 0.4 kidogo hicho ni utajiri. Tena, mrushaji akiutupa mpira karibu na mwili, gongo la mbao lingepasuka mikononi. La alumini linausukuma mpira mpaka nyasi za mbali.

Mwaka 1985 vipimo vikali vya kasi ya mpira unapotoka kwenye gongo vilikuwa bado havijaja. Viwanda vikashindana kutengeneza magongo makali zaidi na zaidi, na hali ikaendelea hivyo kwa muda mrefu baada ya Incaviglia kuondoka. LSU ya 1997, ile ya Larson, ilipiga homurani 188 kama timu na kutwaa ubingwa. Mwaka uliofuata fainali ya taifa iliisha USC (Chuo Kikuu cha Southern California) 21, Arizona State 14, matokeo ambayo mtu akiyasoma bila muktadha atadhani ni ya mchezo mwingine kabisa. Baada ya fainali ile wakubwa waliona aibu. Kuanzia 1999 gongo likawekewa mipaka ya uzito na kasi, na mwaka 2011 kikaja kipimo kigumu zaidi, kinachojulikana kwa herufi BBCOR, kilicholazimisha gongo la chuma kuurudisha mpira kwa kiwango kinachokaribiana na mbao.

Matokeo yake yalionekana mara moja. Mwaka 2010 timu ya chuo ilikuwa ikipiga wastani wa homurani 0.94 kwa mechi. 2011 ikashuka hadi 0.52, na kufikia 2014 ilikuwa 0.39. Omaha kwenyewe, ambako uwanja mpya mkubwa ulifunguliwa mwaka uleule wa 2011, fainali nzima za 2013 zilitoa homurani tatu tu, na za 2014 tatu tena. Mashabiki walianza kusinzia. NCAA ikageukia mpira badala ya gongo: mwaka 2015 nyuzi za mshono zikapunguzwa kimo, kutoka takriban milimita 1.2 hadi 0.8, ili mpira ukate hewa vizuri zaidi. Katika majaribio mpira huo ulikwenda mbele kama mita sita zaidi. Mita sita ni tofauti kati ya mpira unaodakwa mbele ya ukuta na unaoangukia mapajani mwa mtazamaji.

Kwa hiyo, ndiyo, gongo lilimsaidia Incaviglia, na lilimsaidia sana. Lakini hoja ya gongo ina tundu ambalo wanaoitoa hawalioni. Kila mpigaji wa chuo mwaka 1985 alikuwa na alumini mkononi. Clark alikuwa nayo. Bonds alikuwa nayo, na huyu baadaye akaja kupiga homurani nyingi kuliko mtu yeyote katika historia ya ligi kuu. Wakiwa na vifaa vilevile, msimu uleule, mmoja alipiga 23, mwingine 25, na wa tatu 48. Gongo linaeleza kwa nini namba za wakati ule zote zilivimba. Halielezi kwa nini moja ilivimba mara mbili ya zingine.

Mechi 75, na za katikati ya wiki

Ratiba huzungumzwa kidogo, nadhani kwa sababu haina msisimko, lakini imebeba uzito wake. Leo timu ya chuo inaruhusiwa mechi 56 za msimu wa kawaida kabla ya mashindano ya mwisho. Incaviglia alicheza 75 kwa jumla. Mpe mpigaji yeyote mechi 15 za ziada, na namba yake itapanda bila yeye kuwa bora hata kidogo.

Halafu kuna wiki ya besiboli ya vyuo jinsi ilivyo. Mechi kubwa za ligi huchezwa mwisho wa wiki, na hapo kocha huwatoa warushaji wake bora. Mkono wa mrushaji unahitaji siku kadhaa za kupumzika, kwa hiyo Jumanne au Jumatano, timu zinapocheza na majirani, wanaosimama kurusha ni wa akiba, wengine vijana wa mwaka wa kwanza. Mpigaji mkubwa akiwakuta hao, ni sherehe. Homurani ya Jumanne inahesabiwa sawasawa na ya fainali, na kitabu cha rekodi hakina safu ya kuonyesha ilipigwa dhidi ya nani.

Hapo ndipo Charlie Condon anapoingia. Mwaka 2024, akiwa Chuo Kikuu cha Georgia, kijana huyu aliyejiunga na timu bila kuahidiwa ufadhili wa kimichezo alipiga homurani 37 katika mechi 60, wastani 0.433, kipimo cha nguvu 1.009. Aliongoza nchi nzima katika yote matatu, akachukua Golden Spikes, na hakuna aliyepiga nyingi hivyo tangu magongo ya BBCOR yaanze. Gawanya: 37 kwa 60 ni 0.617 kwa mechi. Za Incaviglia, 48 kwa 75, ni 0.640. Mpe Condon mechi 75 kwa kasi yake ileile na anafika 46.

Tofauti ile kubwa ya 48 na 37 imepungua mpaka homurani mbili, na Condon alikuwa ameshika gongo lililobanwa. Je, basi yeye ndiye mkubwa? Si haraka hivyo. Alikuwa na mpira wenye mshono mfupi, na alikua katika zama ambazo mpigaji anapimwa kwa kamera na kompyuta tangu utotoni, akifundishwa pembe ya kuuinulia mpira. Kwa upande mwingine warushaji wa sasa wanatupa kwa kasi kuliko wa 1985. Mambo haya huwezi kuyasawazisha kwa kikokotoo.

Njia ninayoiamini ni kumpima mtu kwa wenzake wa siku zake. Mwaka 2024 Jac Caglianone wa Florida alipiga 35, na Christian Moore wa Tennessee 34. Condon aliwazidi kwa mbili na tatu. Incaviglia aliwaacha nyuma kwa zaidi ya 20 watu wawili walioteuliwa na timu za kulipwa kabla yake. Kwa ugumu wa vifaa ningempa Condon. Kwa umbali kutoka kwa wenzake ningempa Incaviglia, na umbali huo ndio ninaouheshimu zaidi.

Kwa nini Omaha hapakuwa pake

Msomaji wa soka atauliza: kwa namba zile, si walichukua ubingwa? Hawakuchukua. Oklahoma State walifika Omaha mwaka 1985, kama ilivyokuwa kawaida yao. Mississippi State walifika pia, wakiwa na Will Clark na Rafael Palmeiro katika kikosi kimoja. Kombe lilikwenda Miami ya kocha Ron Fraser, iliyoifunga Texas 10–6 katika mechi ya mwisho. Mpaka leo ubingwa pekee wa Oklahoma State ni wa 1959. Katika enzi zile za Ward walipoteza fainali mbele ya Arizona State mwaka 1981, Stanford mwaka 1987 na Georgia mwaka 1990.

Maelezo yamo katika ile foleni. Zamu 250 kwa mechi 75 ni wastani wa mara tatu na kidogo kwa mechi, ukiacha zile alizopewa besi bure. Mrushaji, kwa upande wake, anagusa kila tukio la mchezo maadamu yuko uwanjani. Mashindano ya Omaha nayo yamepangwa ili kuuchosha mkono wake: timu nane, na unatoka ukipoteza mara mbili. Anayepoteza mapema anaweza kurudi, lakini kwa kucheza mechi nyingi zaidi zilizobanana, na ndani ya siku chache kocha anajikuta anawaita warushaji ambao tangu Machi walikuwa wa Jumanne. Mwenye warushaji wanne wazuri anasonga mbele. Mwenye mpigaji mmoja wa kihistoria anarudi nyumbani na picha nzuri za magazeti.

Mifano ya karibuni inasema hivyohivyo. Mwaka 2023 Caglianone, aliyekuwa amepiga 33 msimu ule na pia akirusha, alifika na Florida kwenye fainali ya mechi tatu dhidi ya LSU. Mechi ya pili Florida walishinda 24–4. Siku iliyofuata, mechi ya kuamua, LSU wakashinda 18–4. Mikimbio yote ile ya jana yake haikuhamishiwa hata mmoja. Mwaka 2024 Georgia ya Condon haikufika hata Omaha. Ilicheza nyumbani, Athens, mfululizo wa mechi tatu dhidi ya NC State kutafuta nafasi hiyo, ikafungwa ya kwanza 18–1, ikashinda ya pili 11–2, ikafungwa ya tatu 8–5. Georgia walikuwa na mpigaji bora nchini. Warushaji wao waliruhusu mikimbio 28 katika mechi tatu.

Na nani aliyechukua kombe la 2024? Tennessee, timu iliyopiga homurani 184. Nguvu ilikuwepo tele, ila tazama ilivyogawanywa: Moore 34, Billy Amick 23, Dylan Dreiling 23, Blake Burke 20, Kavares Tears 20. Hakuna timu nyingine ya vyuo kabla yao iliyokuwa na wachezaji watano waliofika 20 kila mmoja. Mrushaji akimkwepa mmoja anakutana na wa pili, akimkwepa huyo anamkuta wa tatu, na foleni ambayo inamfunga mikono mwenye bingwa mmoja inageuka kuwa adhabu kwa mpinzani. LSU ya 1997 ilikuwa ya aina hiyo pia. Larson alikuwa na 40, lakini nyuma yake zilibaki homurani 148 za watu wengine.

Wenye pesa walivyomsoma

Juni 1985 timu za ligi kuu zilikaa kuchagua wachezaji chipukizi. Mtu mwenye homurani 48, na jumla ya 100 katika miaka mitatu ya chuo, aliitwa wa nane. B. J. Surhoff alikuwa wa kwanza, Clark wa pili, Barry Larkin wa nne, Bonds wa sita. Wasaka vipaji walikuwa wamekwisha kufanya, kwa macho na uzoefu, ile kazi ya kuchambua tuliyoifanya hapa: walipunguza alumini, wakapunguza warushaji wa Jumanne, wakaangalia kasi ya miguu na uwezo wa kudaka, kisha wakapanga foleni yao. Ukiangalia kazi za Bonds na Larkin zilivyokwenda, huwezi kuwacheka.

Aliyemchagua ni Montreal Expos. Incaviglia hakutaka kupelekwa ligi ndogo, ambako karibu kila chipukizi huanzia, na mvutano ukaendelea mpaka Novemba, Expos wakamsainisha na kumuuza papo hapo kwa Texas Rangers. Aprili 1986 alianza moja kwa moja ligi kuu bila kucheza hata mechi moja ya ligi ndogo, akiwa na gongo la mbao. Alipiga homurani 30, idadi ambayo mchezaji mpya yeyote angeifurahia. Alikosa na kutolewa kwa mipira mitatu mara 185, nyingi kuliko alivyowahi kutolewa mpigaji yeyote wa American League, moja ya matawi mawili ya ligi kuu, kwa msimu mmoja hadi wakati huo. Wastani wake ulikuwa 0.250. Mbao na warushaji wa kila siku walichukua 0.214 na kuacha nguvu. Aliendelea hivyohivyo katika timu kadhaa, na msimu mmoja Japani, akastaafu na homurani 206 za ligi kuu na wastani wa 0.246. Mwaka 1999 jarida la Baseball America lilimtaja mchezaji wa karne wa besiboli ya vyuo.

Ule uuzaji wa papo hapo uliwaudhi wakubwa wa ligi. Wakapitisha kanuni kwamba chipukizi aliyechaguliwa asiuzwe mpaka mwaka mmoja upite tangu atie sahihi, na ikaitwa kwa jina la Incaviglia. Ilidumu mpaka 2015, baada ya San Diego kukubaliana Desemba 2014 kumtoa Trea Turner kwa Washington lakini wakalazimika kuendelea kumchezesha miezi kadhaa katika timu zao za chini huku kila mtu akijua si wao tena. Kanuni ikalegezwa mwaka huohuo: sasa chipukizi anaweza kuuzwa mara tu fainali za ligi kuu za mwaka aliochaguliwa zinapomalizika.